Usimlazimishe mtu kufumba macho

Wewe unayeongoza mazoezi ya kikundi cha maigizo mtaani, hebu tuongee. Kuna lile zoezi la Augusto Boal, yule Mbrazili: unaweka kiganja mbele ya uso wa mwenzako, shubiri moja hivi, naye anakifuata popote kinapoenda. Chini, kando, hadi magoti yanalia. Ukiharakisha mkono, shingo inayoumia ni yake. Halafu mnabadilishana zamu, na hapo ndipo unajua kuongoza watu si mchezo.

Boal mwenyewe alijua maana ya kuburutwa. Serikali ya kijeshi ya Brazil ilimkamata 1971, ikamtesa, akaishia uhamishoni.

Sasa mbona sisi siku ya kwanza tu tunaanza kuangusha watu kinyumenyume, macho yamefumbwa? Niliwahi kukataa, wakanicheka ati naogopa. Ndio, niliogopa! Hata majina yao sikuyajua. Na msichana aliyewahi kushikwashikwa ndani ya matatu, mwili wake haulegei kwa amri yako.

Anzeni kwa kutembea ukumbini bila kugongana. Kesho yake mjifanye mnavuka mto mmebeba kitu kizito. Anayetaka kukaa pembeni atazame, mwacheni akae.