Michezo Midogo na Uongo wa Wepesi

Imeenea imani, miongoni mwa wachezaji wa michezo ya video na hata wahakiki wake, kwamba michezo midogo inayotungwa na mtu mmoja au kundi la watu wachache, pasipo mtaji wala amri ya kampuni kubwa, huvutia kwa sababu ni myepesi. Kwa mujibu wa imani hiyo, michezo hii, inayoitwa michezo huru kwa kuwa mtungaji wake hana bosi wa kumwamulia, ni kitulizo cha jioni: rangi za kupendeza, muziki wa polepole, wanyama wanaosema, shamba lisilochosha, na hatari isiyomdhuru mtu. Wanaoipenda huisifia wepesi huo, wanaoidharau huishutumu kwa wepesi huo huo, na kwa kuwa kambi zote mbili zimekubaliana juu ya msingi wa ubishi wao, ni nadra mtu kuuliza kama msingi wenyewe upo. Haupo. Michezo huru iliyo bora hupendeza kwa sababu ya ukali wake, yaani jinsi inavyombana mchezaji, inavyomnyima, na inavyomtwisha mzigo huku uso wake ukitabasamu.

Ushahidi wa kwanza ni mchezo ambao wenye imani hiyo huutanguliza kila mara, Stardew Valley, uliotolewa mwaka 2016 na Mmarekani Eric Barone. Mhusika anayeongozwa na mchezaji huacha kazi ya ofisini katika kampuni iitwayo Joja, akahamia kijijini kwenye shamba alilorithi kwa babu yake, na huko akalima, akafuga, akavua samaki na kujuana na majirani. Kwa muhtasari huo mtu angedhani ni likizo. Lakini siku nzima ya kijiji hicho, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane usiku, huisha kwa takribani dakika 14 za saa ya ukutani, na ndani ya dakika hizo kila pigo la jembe na kila mmwagio wa maji hula sehemu ya nguvu zake, zinazooneshwa kwa mstari uliosimama pembeni mwa skrini. Kopo la kumwagilia analoanza nalo hulowesha kiraba kimoja tu cha udongo kwa mara moja, nalo huisha maji, ikabidi aende bwawani kulijaza. Mche usiomwagiliwa leo haukui leo. Msimu una siku 28 tu, na unapogeuka, mazao mengi yaliyobaki shambani hunyauka kwa usiku mmoja. Asiyekuwa amelala ifikapo saa nane huanguka hapo hapo alipo, na akaamka kesho yake, mara nyingi akiwa amepungukiwa na fedha. Mchezaji anayeanza huishi, kwa hiyo, maisha ya mkulima mdogo ambaye muda, nguvu na mbegu havimtoshi kwa pamoja, na furaha ya mavuno ya kwanza hutokana moja kwa moja na kutotosha huko.

Majirani nao si wa likizo. Pam alikuwa dereva wa basi, basi likaharibika, na sasa jioni zake huishia kwenye baa ya kijiji. Shane, mfanyakazi wa duka kubwa la Joja, hunywa pombe kwa kukata tamaa ya maisha, jambo ambalo mchezo haulirembi wala haulikimbii. Katika mwaka wa pili hurejea Kent, askari aliyetoka vitani, na mke wake na watoto hulazimika kujifunza upya namna ya kuishi naye. Ni vigumu kuelewa jinsi mhakiki anavyoweza kukaa na watu hawa kwa makumi ya saa na bado akaandika kwamba kijiji hiki ni pahali pasipo na shida; huenda alikuwa akitazama kuku tu.

Mkabala wa Stardew Valley upo Celeste, mchezo uliotolewa mwaka 2018 na Maddy Thorson, Noel Berry na wenzao, ambao huhesabiwa miongoni mwa michezo huru migumu kupita kiasi na kwa sababu hiyo huachwa nje ya orodha za michezo ya kutuliza moyo. Msichana aitwaye Madeline, anayesumbuliwa na wasiwasi na sonona, anapanda mlima. Kila chumba cha mlima huo kina miiba na mashimo, na mchezaji wa kawaida hufa mamia ya mara kabla ya kufika kileleni. Atakayeuchunguza mchezo wenyewe kwa makini, hata hivyo, atagundua kwamba umejaa huruma iliyofichwa kwenye kanuni zake. Mchezaji akichelewa kidogo kubonyeza kitufe cha kuruka, na miguu ya Madeline ikawa imekwisha kutoka ukingoni, mchezo humhesabia kwa sehemu ndogo ya sekunde kuwa bado amesimama na kumruhusu aruke. Kichwa chake kikigusa kona ya jiwe kwa tofauti ndogo, humsogeza pembeni apite. Akifa, anaanza tena papo hapo katika chumba kile kile, bila ya adhabu. Asiyeweza kabisa anaruhusiwa kupunguza kasi ya mchezo au kujipa nguvu zisizoisha, na hakuna anayemcheka. Tazama basi jinsi mafungu yalivyopishana: mchezo unaoitwa mpole unamdai mchezaji kila dakika, na ule unaoitwa katili unamsamehe kila kosa. Kipimo kinachoipanga michezo hii kwa wepesi na ugumu wa sura yake kimeshindwa pande zote mbili.

Husemwa pia kwamba haiba ya michezo hii hutoka kwenye moyo mweupe wa mtungaji, kana kwamba mtu mmoja akiketi chumbani na kompyuta, mchezo mzuri humtoka wenyewe kama jasho. Lakini Barone alifanya kazi ya Stardew Valley peke yake kwa takribani miaka minne na nusu, akaandika programu, akachora, akatunga muziki na mazungumzo, huku akifanya kazi ya muda ya kuwaelekeza watazamaji kwenye viti vyao katika ukumbi wa maonyesho mjini Seattle. Picha za wahusika alizichora, akazifuta, akazichora upya mara nyingi. Katika Untitled Goose Game, mchezo wa mwaka 2019 uliotungwa na watu wanne wa studio ya House House mjini Melbourne, bata bukini huvuruga kijiji cha Kiingereza kwa kuiba funguo za mtunza bustani na kumtisha mtoto, na kuna kitufe kizima kilichotengwa kwa ajili ya kulia tu. Kichekesho hicho kinabebwa na muziki wa piano wa Mfaransa Claude Debussy, ambao mtunzi Dan Golding aliurekodi kwa namna mbili, moja tulivu na nyingine ya machachari, kisha akaukata vipande vifupi mno vinavyounganishwa upya papo hapo kulingana na anachokifanya bata: anaponyatia, noti chache, anapokimbizwa, muziki unamwagika. Mchezaji hucheka bila kujua kwa nini. Fundi aliyekata vipande vile alijua.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuikataa imani hii, kwa kuwa amekulia karibu na bao. Ubao una mashimo 32, kete ni 64, nazo aghalabu ni komwe zilizookotwa porini, na bado hakuna mtu wa Unguja au Lamu aliyewahi kusema kwamba bao ni mchezo mwepesi kwa kuwa vifaa vyake ni vichache. Kila anayeketi barazani hujua kwamba uchache wa vifaa ndio unaofanya kila kete ionekane na kila kosa likose wa kulisamehe. Ajabu ni kwamba watu hao hao, wanapopewa mchezo mdogo kwenye skrini, huuita wa kitoto kwa sababu hauna magari yanayolipuka. Wepesi pekee ambao michezo huru inaweza kushtakiwa nao kwa haki ni wa faili: mingi huingia kwenye kompyuta kuukuu au simu ya kawaida, ilhali baadhi ya michezo ya kampuni kubwa hudai zaidi ya gigabaiti 100, tofauti ambayo anayenunua bando kwa shilingi zake mwenyewe haihitaji kuelezwa.

Mfano ulio mkali kuliko yote umevaa sura ya upole kuliko yote. Unpacking, mchezo wa studio ya Witch Beam ya Australia uliotolewa mwaka 2021, unamtaka mchezaji afanye jambo moja tu, nalo ni kufungua maboksi ya mtu aliyehama na kupanga vitu vyake katika makazi mapya, sahani jikoni, vitabu rafuni, mswaki bafuni. Mwenye vitu ni mwanamke asiyesema neno, na mchezaji anamfuata katika kuhama mara nane, tangu chumba chake cha utotoni mwaka 1997 hadi nyumba ya mwaka 2018. Kila kitu kina mahali panapokifaa, na kilichowekwa pasipofaa huzungushiwa mstari mwekundu, na hatua haiishi mpaka kihamishwe. Mwaka 2010 mwanamke huyo anahamia kwa mpenzi wake. Nyumba imekwisha kujaa vitu vya mwanamume: kuta zina picha zake, kabati lina nguo zake, na mchezaji anabaki akisukuma hiki na kuinua kile ili apate nafasi ya kuchomeka mali ya mgeni. Kisha boksi linatoa shahada yake ya chuo, imetiwa fremu. Ukutani haitoshi. Mezani inakataliwa. Sehemu inayokubalika ni chini ya kitanda.

Hapo hakuna msimulizi, hakuna ugomvi, hakuna mwanamume anayepaza sauti wala machozi ya kumwonesha mchezaji ahuzunike wapi. Kuna kanuni ya kupanga vitu iliyotumika bila kulegezwa, na mkono wa mchezaji mwenyewe ndio uliosukuma shahada ile gizani. Hatua inayofuata, ya mwaka 2012, ni ya chumba kile kile cha utotoni, kwa wazazi. Riwaya ingehitaji sura nzima kulieleza penzi hilo, na filamu ingehitaji waigizaji wawili wazuri. Mchezo huu umetumia umbo la fremu na upana wa ukuta, na kwa kuwa mchezaji amekwisha kuzoea kwamba kila kitu hatimaye hupata nafasi yake, kukosa nafasi humpata akiwa hajajikinga. Lau watungaji wangeuruhusu mstari mwekundu usamehe mara moja hiyo tu, ili mchezo uendelee kuwa mtulivu kama tangazo lake lilivyoahidi, tukio zima lingekufa.

Itajibiwa kwamba watu wengi hakika hupumzika kwa michezo hii, na hilo ni kweli lisilopingika. Swali ni wanapumzishwa na nini. Mtu aliyetoka kazini, ambako masharti hubadilika kila Jumatatu na juhudi haina uhusiano wa wazi na malipo, hukuta katika mchezo mzuri mdogo masharti machache yasiyosema uongo: maji yakimwagwa, mche unakua, yasipomwagwa, haukui. Kinachompumzisha ni ukweli wa masharti hayo. Ndiyo maana watungaji wanaoiga sura pekee wameshindwa, na masoko ya mtandaoni tangu mwaka 2016 yamejaa mashamba yao, ambayo yana kuku wazuri zaidi, mawio yenye rangi nyingi zaidi, na wanakijiji wanaompenda mchezaji tangu siku ya kwanza bila ya sababu yoyote. Wameondoa uchovu, wameondoa saa, wameondoa msimu unaoua mazao, kwa kuamini kwamba hayo yalikuwa madoa kwenye kitambaa, na kilichobaki hakimshiki mtu hata kwa juma moja.

Imani ya wepesi ina mtoto wake, naye ni desturi ya kupima thamani ya mchezo kwa saa. A Short Hike, mchezo wa mwaka 2019 wa Mkanada Adam Robinson-Yu, unaweza kumalizwa kwa chini ya saa mbili, na kwa hiyo kuna wanaouita kionjo. Ndege kijana aitwaye Claire yupo katika hifadhi ya jimbo ambako simu haishiki, naye anasubiri kupigiwa. Anaambiwa mtandao unapatikana kileleni, hali inayofahamika vizuri kwa yeyote aliyewahi kupanda kichuguu kijijini akiwa ameinua simu juu. Ili kupanda anahitaji manyoya ya dhahabu, kila unyoya ukimwongezea uwezo wa kukwea na kuruka, na njiani anakutana na wavuvi, wakimbiaji na watoto wenye mahitaji yao. Duka la mtandaoni la Steam humrudishia mnunuzi fedha zake akiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, iwapo hajacheza zaidi ya saa mbili. Kanuni hiyo ni ya haki na inamlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa mbovu, lakini kwa bahati mbaya inamruhusu pia aliyeumaliza mlima huu, akaufurahia, adai kwamba hajapata kitu. Robinson-Yu angeweza kujihami kwa kuurefusha mlima, kuongeza manyoya ya kutafutwa na kazi za kurudiarudia, na mchezo ungefikisha, tuseme, saa 20. Simu ya Claire inalia kileleni, na anayepiga ni mama yake aliyekuwa akifanyiwa upasuaji, habari ambayo Claire ameibeba safari nzima bila kuitaja huku akivua samaki na kushindana mbio. Katika toleo la saa 20, simu hiyo ingepokelewa na mchezaji aliyekwisha kusahau kwamba kuna mtu alikuwa akiisubiri.