Sadaka isiyovuka mto

Masika moja nikiwa Chita, maji ya mto yaliingia mashambani usiku, na kulipopambazuka mpunga wa bondeni ulikuwa umelala chini ya tope. Habari zilisambaa haraka. Ndani ya juma moja tulipokea magari matano ya misaada: ya wafanyabiashara, ya wanakwaya kutoka mjini, ya wasamaria wengine. Tuliyapokea kwa vigelegele. Nilipokaa baadaye kuhesabu, nikakosa usingizi. Magari yote yalikuwa yamesimama palepale, kando ya barabara iendayo Mlimba. Kaya za barabarani zilipata unga mara tatu na nguo mara nne. Mama mmoja mjane, aliyekuwa ng'ambo ya mto pamoja na wajukuu watatu, hakupata hata kopo moja la mahindi.

Kwa usiyelijua bonde la Kilombero, nikueleze. Mkulima wa huku ana nyumba kijijini na dungu shambani. Msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huhamia shambani kwa miezi kadhaa, kulima, kupalilia na kuamia ndege. Daftari la kijiji linaonyesha kuwa fulani anakaa kitongoji fulani, kumbe yeye na watoto wamezungukwa na maji mbali kabisa. Mgeni mwenye gari hawezi kulijua hilo. Mimi paroko wake sikulijua. Walilijua katekista wa kigango, mwenyekiti wa kitongoji, na ustadhi ambaye watoto kadhaa walikuwa wameacha kufika madrasa yake tangu mvua ianze.

Hapakuwa na mwenye roho mbaya kati yetu. Kila mmoja alitoa kwa moyo, ila alitoa kivyake, na sadaka ya namna hiyo hufuata barabara.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya sita. Jumuiya ya Yerusalemu, ambayo tunapenda kuisifu kwa umoja wake, iligawa chakula kila siku, na bado wajane wa upande wa waliosema Kiyunani walisahauliwa. Mitume hawakuagiza chakula zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na tazama majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Naamini kazi ilipewa watu waliojua milango ya wajane wale. Seminarini tuliyakariri majina haya kwa ajili ya mtihani. Mimi nilihitaji mafuriko ili niyaelewe.

Bonde hili lina mfano mkubwa kuliko wangu. Kuanzia mwaka 1996, kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilishirikiana na halmashauri za Kilombero na Ulanga, wataalamu wa Basel na fedha za Serikali ya Uswisi katika mradi wa vyandarua vyenye dawa ulioitwa KINET. Vingeweza kumwagwa bure kutoka kwenye lori na kupigiwa picha. Badala yake viliuzwa kwa bei nafuu kupitia maduka na watu walioaminika vijijini, na wajawazito na mama wenye watoto wadogo wakapewa hati za punguzo kliniki. Watafiti walipopima, walikuta vyandarua hivyo vimepunguza kwa takriban asilimia 27 vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 ulianza mpango wa taifa wa hati punguzo. Fedha za Uswisi bila mwenye duka zisingefika, na mwenye duka bila muuguzi wa kliniki asingemjua mjamzito.

Lakini ushirikiano una gharama, nayo ni jina. Kila kikundi kinataka bango lake mbele ya magunia. Sizungumzi juu ya wengine tu. Ustadhi alipopendekeza tuweke misaada yote katika ghala moja, swali lililonijia kwanza ni hili: wafadhili wangu watasemaje wakisikia unga wao umelala msikitini? Naandika hili kwa aibu.

Swali la uaminifu ni halali, hata hivyo. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu hakuubeba peke yake. Tito alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama (2 Kor 8:18-21). Nasi tulifanya hivyo: daftari moja, saini tatu, ya mchungaji wa Kilutheri, ya ustadhi na yangu. Aliyetufaa kuliko wote ni mvuvi wa Kindamba ambaye hakuwa na cha kuchangia isipokuwa mtumbwi, na kichwani mwake ramani ya madungu yote.

Kwa hiyo kabla jumuiya yako haijapakia gari, piga simu. Uliza nani mwingine anakuja, analeta nini, na ni nani asiyefikiwa na barabara. Ukiambiwa unga umeshatosha, kodisha mtumbwi.

Siku ya 19 tulimfikia yule mjane. Mjukuu wake mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka, homa imemshika, macho yameingia ndani. Tukampakia mtumbwini pamoja na bibi yake. Tulipokuwa katikati ya maji, yule mama alinitazama kwa muda, akaniuliza bila hasira: "Padre, kumbe mlikuwepo?"