Kabla ya kutuletea pikipiki, muulizeni fundi

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee pikipiki. Kuna wanaosema vijana wapewe skuta, kwa sababu haina klachi ya mkono wala gia za mguu, unavuta mafuta tu. Ni kweli, ni rahisi kujifunza. Lakini sisi wa hapa Nakivale tunauliza jambo moja: nguvu ya injini inafikaje kwenye gurudumu la nyuma?

Skuta nyingi zinatumia mkanda wa mpira. Pakia gunia la mahindi, panda mlima kila siku: mkanda unapata moto, unateleza, unaisha haraka. Ukikatika, hauungwi. Shafti yenyewe haina cheni ya kupaka oili, ila ni nzito na ni ghali.

Cheni nayo ina shida zake. Vumbi linaila, inalegea, inadai oili kila mara. Lakini ikikatika, fundi wa chini ya mti anaiunga kwa kiungo kimoja. Ukitaka nguvu ya mlima, unaweka sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi: spidi inapungua, mzigo unapanda.

Kijana amechukua pikipiki kwa mkopo. Ikilala siku tatu ikisubiri spea kutoka mjini, deni halilali. Kwa hiyo tunaomba: kabla ya kununua, mkae na mafundi wa kambini. Na sisi vijana tusichague kwa macho. Tuulize kwanza: ikiharibika, nani hapa ataitengeneza, na kwa spea gani?