Rejista ya mgonjwa wa Ngungu isipotee njiani

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Ngungu, huko Masisi. Mtoto wake ana homa, anampeleka kwenye kituo cha afya, muuguzi anaandika jina, umri na dawa kwenye rejista. Juma linalofuata risasi zinalia na familia inakimbia. Wengine wanateremka hadi Sake na Goma, wengine wanavuka mpaka wa jimbo na kufika Minova, Kivu Kusini. Huko mtoto anafunguliwa fishi mpya, kana kwamba hajawahi kuugua. Je, dawa ya kwanza ilimsaidia? Hakuna anayeweza kujibu. Rejista imebaki nyuma, ikiwa haijachomwa au kuporwa.

Jambo hili si la mtoto huyo peke yake. Utafiti wa dawa unategemea maandishi kama hayo.

Tukumbuke Ebola ya 2018 hadi 2020. Iliua watu 2,287, wengi wao Kivu Kaskazini na Ituri. Lakini katikati ya msiba ule, nchi yetu iliifundisha dunia kitu. Mwezi wa Novemba 2018, taasisi ya INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na washirika wake wa kimataifa, ilianzisha jaribio lililoitwa Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 walipewa moja kati ya dawa nne. Mwezi wa Agosti 2019 jibu likapatikana: kwa dawa mbili, walikufa wagonjwa karibu theluthi moja, kwa zile nyingine mbili, karibu nusu.

Jibu hilo lilipatikana kwa sababu kila mgonjwa alifuatiliwa hadi siku ya 28, ingawa karatasi iliyoingia kwenye chumba cha wagonjwa haikuruhusiwa kutoka nje. Kumbe inawezekana, hata kwenye vita. Kwa nini basi isiwezekane kwa malaria, surua na kipindupindu, ambavyo havituachi mwaka hata mmoja?

Kizuizi cha kwanza ni namna tunavyohesabu. Kila mwezi kituo cha afya kinajaza ripoti na kuituma kwenye ofisi ya eneo la afya, ambako inaingizwa katika DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Ripoti hiyo inasema wagonjwa wa malaria walikuwa wangapi. Haisemi ni nani aliyerudi siku ya tano akiwa bado na homa. Inafaa kwa kugawa dawa na kushtuka mapema mlipuko unapoanza, lakini mtafiti hawezi kumfuata mgonjwa kwa kusoma jumla.

Cha pili ni utambulisho. Jina moja linaandikwa kwa namna tatu, umri unakisiwa, na mtu akibadilisha jimbo anakuwa mtu mwingine kwenye kompyuta. Mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili, muuguzi anaandika Kifaransa kwa haraka huku foleni ikingoja. Ongeza umeme usiokuwapo na mtandao unaokatika.

Cha tatu ndicho kizito zaidi: hofu. Rejista inamtaja kijana aliyefika na jeraha la risasi na mama aliyebakwa. Ikianguka mikononi mwa mwenye bunduki, inaweza kuua. Kanuni ya Kidijitali ya Machi 2023 inazungumzia ulinzi wa data za watu binafsi. Lakini sheria iliyoko Kinshasa haifungi kabati la Ngungu.

Tunaomba mambo yanayowezekana. Kila mgonjwa apewe kadi yenye namba, si jina, anayoweza kukimbia nayo na inayotambuliwa Masisi kama Kalehe. Vituo vipewe simu au kompyuta ndogo zinazotumia nguvu ya jua, zinazohifadhi maandishi kwa siri bila mtandao na kuyatuma mtandao unaporudi. Majina yatengwe na magonjwa. Na muuguzi asiongezewe fomu ya mashirika juu ya fomu ya serikali. Aandike mara moja, kisha arudishiwe matokeo ili ajue kazi yake ilifaa nini.

Lipo pia deni. Moja kati ya zile dawa mbili zilizoshinda ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Mkongomani alitoa damu, Mkongomani akakubali kujaribiwa. Anayekuja kuchukua data za watu wa Masisi aeleze kwanza, kwa lugha wanayoielewa, anazipeleka wapi na dawa itakayopatikana itawafikia vipi.

Watu wa Ngungu wamehesabiwa mara nyingi kama wahami wa vita na kama maiti. Sasa wahesabiwe kama wagonjwa wanaostahili kupona.