Riwaya za Vina Tunazo

Juzi mvua ilinizuia Machakos, nikajibanza katika duka la vitabu vikuukuu. Mkono ukaangukia Eugene Onegin ya Pushkin, Mrusi, kwa Kiingereza: riwaya nzima kwa mashairi, iliyochapwa kamili mwaka 1833. Nilifungua kwa kejeli. Mvua ikaanuka nami ningali nasoma.

Mwenye duka, kijana wa Kikamba, akaniuliza, "Mzee, kwenu pwani hamna kitabu namna hii?"

Niliona haya. Tangu utotoni nausikia Utendi wa Tambuka, aliotunga Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka 1728. Una beti zaidi ya elfu moja. Mna wafalme, mna vita vya Waislamu na Herekali wa Rumi. Nini hicho kama si riwaya? Nasi tumewafunza watoto kuhesabu mizani na kutaja vina kwa ajili ya mtihani, hadithi yenyewe hawaijui mwisho wake.

Ndugu msomaji, mwacha asili ni mtumwa. Leo baada ya Isha waketishe wanao, uwasomee utendi kwa sauti, mwanzo hadi tamati.