Maji ya josho la nifasi ni juu ya nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaumba waja wake matumboni mwa mama zao, umbo baada ya umbo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze jambo ambalo wanaume wengi wa pwani yetu wakitajiwa hugeuza uso, wakarudi haraka kwenye habari za mpira na siasa. Jambo lenyewe ni mimba. Wala sikusudii mimba kwa upande wa mke, kwani hayo wake zetu wanayajua kuliko mimi na wewe. Nakusudia upande wa mume: ana wajibu gani tangu siku anayoambiwa kwamba mkewe ni mja mzito mpaka siku anayoadhini katika sikio la mwanawe?

Lililonishikisha kalamu ni hili. Tulikuwa barazani baada ya sala ya Isha, gahawa inazunguka, nikamwuliza kijana mmoja ambaye mkewe yuko katika mwezi wa saba: "Je, mwanangu, kliniki wamesemaje?" Akanijibu huku akicheka: "Maalim, hayo ni mambo ya wake. Mimi kazi yangu nimeshaimaliza." Baraza zima likacheka, na wazee wenye mvi kama zangu wakacheka pia. Kisha mwengine, ambaye amekaa darasani miaka si haba, akamtilia nguvu mwenzake kwa kitabu. Akasema: "Hata katika fiqhi ya madhehebu yetu, dawa na ujira wa tabibu si juu ya mume."

Maneno ya yule wa kwanza ni ya ujinga, na mjinga husamehewa akafunzwa. Ama ya huyu wa pili ni khatari zaidi, kwa sababu amechukua nusu ya kitabu akaifanya ngao ya ubakhili wake. Basi na tukifungue kitabu hicho, tukisome chote.

Ni kweli, Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja kwamba dawa ya maradhi na ujira wa tabibu havimo katika vitu ambavyo mke anavidai kwa mumewe. Hilo halifichiki kwa mwanafunzi yeyote wa Kishafi. Lakini mlango huo huo umesema mengine ambayo mwenzetu ameyaruka. Umesema kwamba chakula cha mke na kitoweo chake ni juu ya mume hata katika siku za ugonjwa. Umesema kwamba mke akihitaji wa kumtumikia kwa sababu ya maradhi, ni wajibu wa mume kumtafutia mtumishi, ijapokuwa mke huyo hakuzoea kutumikiwa kwao. Na umesema, katika kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba thamani ya maji ya josho la janaba litokanalo na kuingiliana, na ya josho la nifasi, ni juu ya mume. Ama maji ya josho la hedhi si juu yake.

Hebu tulia hapa, ndugu yangu, ujiulize. Kwa nini maji ya nifasi yawe juu yake na ya hedhi yasiwe juu yake? Yote si maji, na anayekoga si mke yule yule? Wanavyuoni wamekujibu: ni kwa sababu hedhi humjia mwanamke kwa maumbile yake, ama nifasi mume ndiye aliyeisababisha. Aliyesababisha ndiye wa kugharimia. Basi ikiwa sharia imekubebesha ndoo ya maji ya mwisho, atakayojitwaharishia baada ya yote kwisha, kwa hoja kwamba wewe ndiwe sababu, utasemaje juu ya miezi 9 iliyotangulia ndoo hiyo? Kazi unayodai kwamba umeshaimaliza, kitabu kinakwambia kwamba siku hiyo ndipo ilipoanza.

Na hilo la ujira wa tabibu, wanavyuoni wa zama zetu wamelitazama upya. Marehemu Sheikh Wahba az-Zuhaili wa Sham, aliyefariki mwaka 2015, amelieleza kwamba zamani matibabu hayakuwa katika mahitaji ya lazima ya watu, na fatwa za mafakihi zilifuata ada ya zama zao. Ama leo haja ya dawa imekuwa kama haja ya chakula, bali na zaidi. Ni nani leo, akiugua ng'ombe wake, asiyemwita mganga wa mifugo?

Tena juu ya vitabu vyote kuna Qur'ani Tukufu. Katika Surat Luqman na Surat Al-Ahqaf, Mola wetu anatuusia wema kwa wazazi wawili, kisha anamtaja mama peke yake, udhaifu wake juu ya udhaifu, na uzito wa kubeba na wa kuzaa. Katika Surat At-Talaq aya ya 6 ameamrisha kwamba hata mke aliyeachwa, akiwa na mimba, apewe matumizi mpaka azae. Huyo ni mke aliyekwisha kuachwa! Je, aliyemo nyumbani mwako, anayekupikia na kukufulia, awe na haki ndogo kuliko aliyetoka? Na Mtume wetu (S.A.W.), bibi Aisha alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika akitoka. Nasi, umma wake, tunaona aibu kuonekana tumebeba ndoo!

Ndugu msomaji, usidhani nasema haya kwa kuwa mimi ni bora. Mwaka 1986 nilikuwa kijana, mwalimu wa chuo katika kisiwa cha Pate, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi 8, mimba yake ya kwanza. Aliniambia kwamba kichwa kinamwuma siku ya pili sasa, na kwamba akitazama taa huona ukungu. Uso ulikuwa umemvimba. Nikadhani ni unono. Nikamsomea, nikamwambia apumzike, nikapanda mashua kwenda Lamu kwenye maulidi pamoja na wenzangu. Pesa nilizokuwa nazo nilichukua zote kwa safari.

Usiku ule akashikwa na kifafa cha mimba. Wanawake walijaa nyumbani, na nahodha alikuwapo, lakini hapana aliyethubutu kumtoa bila ya idhini ya mumewe, wala hapakuwa na hata shilingi ya kulipia chombo. Wakangoja. Kakake alipopata habari kutoka kijiji cha pili, ilikuwa ni alfajiri, naye ndiye aliyemchukua kwa amri yake mwenyewe. Mke wangu alipona, alhamdulillahi, na yu hai mpaka leo, naye ndiye aliyenipa ruhusa ya kuyaandika haya. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Nilipofika nilikuta watu washatoka kuzika.

Hakunilaumu hata siku moja, na huko kutonilaumu ndiko kulikonila. Nilikwenda kufanya jema, sikatai. Lakini niliacha wajibu nyuma yangu nikalifuata jema hilo. Dalili tatu alinitajia kwa ulimi wake au zilikuwa usoni pake, nami, niliyehifadhi masharti yote ya udhu na nguzo za sala, sikuijua hata moja.

Kwa hivyo zijue wewe. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, kutokwa na damu, homa, maumivu makali ya tumbo, kuvunjika chupa kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza tumboni, na kifafa: lolote katika hayo likitokea, mke apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Isingojwe asubuhi, wala isingojwe simu. Na ruhusa yake ya kwenda itoe leo, mbele ya mamako na mbele ya mamake, useme: "Likizuka jambo nami sipo, mpelekeni, mimi nimeridhia." Maneno haya hayakugharimu kitu, nami ningetoa nusu ya umri wangu kuwa niliyasema.

Pili, nenda naye kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mja mzito aonwe mara 8 kwa uchache, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12 za mwanzo. Huko atapimwa damu na shindikizo la damu, ambalo ndilo linalofichua kifafa cha mimba kabla hakijaja. Atapewa vidonge vya kuongeza damu vya kumeza kila siku, na katika nchi zetu hizi za malaria atapewa dawa ya kinga kuanzia muhula wa pili wa mimba, mara 3 au zaidi, kila mara ikipita mwezi. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba anakwenda, anavimeza, na analala ndani ya chandarua.

Tatu, tazama sahani yake. Samaki, dagaa, kunde, mchicha, mayai, maembe na machungwa, vyote viko sokoni mwetu. Na chai tunayoipenda isinywewe pamoja na chakula, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ingoje saa moja au mbili. Ama wewe unayekula nyama ya kuchoma njiani kisha ukafika nyumbani ukamkuta mkewo na mkate mkavu ukanyamaza, jibu lako liandae mapema, utaulizwa.

Nne, weka akiba ya pesa tangu mwezi wa tatu, na nambari ya mwenye gari au mwenye mashua atakayeamka usiku. Jua kundi la damu la mkeo, na wajue mapema ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu, kwani kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni katika sababu kubwa za kufa wazazi.

Tano, mpunguzie kazi nzito, na moshi wa sigara yako uutoe nje ya nyumba. Ukiwa ni mwajiriwa, haki yako ichukue: sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili, na ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa siku 3 kwa uchache. Siku hizo ni za kumtumikia mzazi, hazikutolewa za kucheza bao.

Na Ramadhani ikiingia, usimtie haya mke aliyekula kwa kuiogopea nafsi yake au mimba yake. Sharia imempa ruhusa. Akiiogopea nafsi yake, atalipa siku zile. Akimwogopea mtoto peke yake, atalipa na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mola amemrahisishia, wewe ni nani hata umtilie uzito?

Najua nitajibiwa. Watasema: "Bibi zetu walizaa mashambani na hawakufa." Nami nawauliza: nani aliyewahesabu? Waliokufa hawakuacha wajukuu wa kusimulia barazani. Nendeni makaburini mwetu, mwaulize wazee ni wangapi walizikwa na vitoto vyao.

Watasema: "Huko hospitali kuna madaktari wanaume." Akipatikana mwanamke wa kumtibu, huyo ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, wanavyuoni wetu wameruhusu mwanamume amtibu kwa kadiri ya haja, na wakashurutisha awepo maharimu au mumewe. Kumbe sharti lenyewe linakutaka wewe uwepo! Hoja uliyoileta ya kumzuia mkeo ndiyo inayokutoa wewe barazani.

Watasema: "Mama zetu hawataki mwanamume aingilie." Hapo nawaomba mama zetu, kwa heshima zote. Msimfukuze mwanenu akiuliza hali ya mkewe, wala msimcheke akichukua ndoo mkononi mwake. Mavyaa anayemzuia mkaza mwana asiende kliniki kwa kuwa yeye hakwenda, amechukua dhamana asiyoiweza.

Ndugu zangu, tunachinja mbuzi wawili wa akika, tunaalika mtaa, tunavaa kanzu zilizopigwa pasi, na kila mtu hutupa mkono wa pongezi. Nani aliyechoka? Nani aliyetapika miezi mitatu, nani aliyetoa damu? Furaha tunaipokea mlangoni, na taabu tunaiacha chumbani. Huu si uadilifu, na Mola wetu ameharimisha dhuluma.

Yule kijana wa barazani, nilimsimulia usiku ule habari ya mashua yangu. Hakucheka tena. Ijumaa iliyofuata alinijia baada ya sala na kadi ya kliniki mfukoni mwa kanzu, akaniuliza: "Maalim, shindikizo la damu limeandikwa hapa, hii ni juu au ni sawa?" Nikamwambia: "Mwulize mkunga, mwanangu, lakini swali hili ndilo darasa la leo."

Basi nawe, ukimaliza kusoma, usimpe rafiki gazeti hili kabla hujaingia ndani ukamwuliza mkeo anavyojihisi. Mola awape wazazi wetu wote salama, na atupe sisi waume haya ya kweli, ambayo ni kumwonea haya Yeye.

Wabillahi tawfiq.