Bastola ndogo ya kujilinda: Dhamana ya mmiliki haiishii kwenye leseni

KILA mwezi wa Septemba unapokaribia, suala la silaha mikononi mwa raia hurejea katika matangazo ya Serikali. Mwaka 2017 Umoja wa Afrika uliitangaza Septemba kuwa mwezi wa msamaha barani Afrika kwa wanaosalimisha silaha wanazozimiliki kinyume cha sheria, na baadaye ukaongeza muda wa utaratibu huo hadi mwaka 2030. Tanzania imeutekeleza kwa vitendo. Mwaka 2023, kwa mfano, waliokuwa na silaha za aina hiyo walipewa miezi ya Septemba na Oktoba kuzisalimisha kwa hiari bila kushitakiwa.

Matangazo hayo humlenga anayemiliki silaha isivyo halali. Lipo, hata hivyo, kundi la pili lisilotajwa sana: raia aliyefuata taratibu, akapata leseni, na ambaye jioni hufunga duka lake akiwa na bastola ndogo kiunoni. Kwake yeye hakuna tena shaka iwapo anaruhusiwa kuwa nayo. Jambo la kujiuliza ni iwapo anaujua uzito wa alichokibeba, hususan risasi zilizomo ndani yake.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, inajieleza tangu jina lake. Silaha na risasi ni vitu viwili, na kila kimoja kina udhibiti wake. Anayekutwa na bastola bila leseni hushitakiwa kwa kosa moja, na risasi alizonazo humfungulia shitaka jingine. Kwa mantiki hiyo, risasi chache zilizosahaulika kwenye droo baada ya bastola kusalimishwa au mmiliki kufariki dunia zinaweza kuiingiza familia matatani hata kama silaha yenyewe haipo tena nyumbani.

Miongoni mwa bastola zinazobebwa kwa ajili ya kujilinda, rivolva ndogo ina nafasi yake. Nyingi huchukua risasi tano, mtutu wake huwa na urefu wa takriban sentimita 5, na uundaji wake ni rahisi kueleweka. Risasi moja isipolipuka, mtumiaji huvuta tena kifyatulio na silinda ikazunguka kuleta nyingine. Lakini udogo huo unaoifanya ibebeke kirahisi ndio unaoifanya iwe ngumu kuitumia. Mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi, wepesi wake huzidisha mshtuko mkononi, na ufupi wa sehemu ya kulengea hufanya kosa dogo la mkono kuwa kosa kubwa mbele.

Ndiyo maana uchaguzi wa risasi haupaswi kuongozwa na dhana kwamba yenye nguvu zaidi ndiyo bora zaidi. La kwanza kuzingatiwa ni ulinganifu. Rivolva iliyotengenezwa kwa risasi za .357 Magnum inaweza pia kutumia za .38 Special, ila ile ya .38 Special haikuundwa kuhimili .357 Magnum. La pili ni mkono wa mtumiaji mwenyewe. Risasi kali ndani ya bastola nyepesi humtikisa mpigaji kiasi kwamba ya pili inaweza kwenda asikokusudia. La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni mahali ambapo risasi hiyo itaishia.

Risasi iliyofunikwa gamba la shaba hupenya sana. Yenye tundu kwenye ncha hutanuka inapoingia mwilini, ikapunguza mwendo na uwezekano wa kutokea upande wa pili. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilizuia risasi zinazotanuka mwilini zisitumike vitani, kufuatia mjadala ulioibuliwa na zile zilizotengenezwa Dum Dum, karibu na Kolkata, nchini India. Hata hivyo, polisi wa miji mingi duniani wamezichagua kwa hoja kwamba kwenye msongamano wa watu, risasi inayopita kwa mlengwa huenda ikampata asiyehusika.

Nchini Marekani, baada ya mapambano ya risasi ya Miami ya mwaka 1986 yaliyogharimu maisha ya maofisa wawili wa FBI, shirika hilo liliweka vigezo vipya vya kupima risasi: ipenye jelatini ya majaribio kwa sentimita 30 hivi au zaidi, lakini isivuke sana sentimita 46. Vigezo hivyo vinakiri hatari mbili kwa pamoja, ya risasi kupenya kidogo mno na ya kupenya kupita kiasi. Kwa rivolva ndogo jambo huwa gumu zaidi, kwani kasi ikipungua, hata risasi yenye ncha ya tundu inaweza isitanuke, ikapenya kama ya kawaida. Hakuna, basi, aina ya risasi inayomwondolea mmiliki wajibu wa kutazama kilicho nyuma ya anayemlenga.

Katika maeneo mengi ya miji ya Tanzania, kilicho nyuma ni nyumba ya jirani. Mabati, mbao na milango myepesi havizuii risasi ya bastola. Anayefyatua usiku uani kwake anafyatua kuelekea chumba ambacho watoto wa mwenzake wamelala. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikishatoka hairudi.

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali yake. Kifungu cha 18B kinaiwekea haki hiyo mpaka: nguvu itakayotumika iwe ya kadiri na ya lazima kwa ulinzi huo, na anayezidisha atawajibika kwa kosa litakalotokana na kuzidisha kwake. Leseni, kwa hiyo, ni ruhusa ya kumiliki. Haimaanishi kwamba kila matumizi ya silaha hiyo yamehalalishwa kabla hayajatokea. Mwizi aliyekwisha kutupa mfuko na kukimbia si sawa, mbele ya mahakama, na mvamizi aliyeinua panga.

Ubebaji nao una nidhamu yake. Bastola ikae ndani ya ala imara inayofunika kifyatulio, isichanganywe mfukoni na funguo au simu, wala isionyeshwe kwa majigambo baa au kwenye sherehe. Pombe na silaha havikai pamoja. Nyumbani, ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki, na idadi ya risasi ijulikane. Ikipotea au kuibwa, taarifa itolewe polisi bila kuchelewa, kwa sababu kila saa inayopita humpa mhalifu nafasi ya kuitumia.

Vilevile, leseni ni ya mtu aliyepewa. Mmiliki anapofariki, bastola na risasi zake hazigawanywi pamoja na vyombo vya nyumbani. Familia inapaswa kuwasiliana na kituo cha polisi ili zikabidhiwe na taratibu zifuatwe. Ni vyema mmiliki akawaeleza wa karibu yake jambo hilo angali hai.

Usalimishaji wa silaha haramu utaendelea kuwa nguzo muhimu ya usalama wa nchi. Lakini usalama huo unategemea pia mwenye leseni, ambaye hakuna msako utakaomfikia na ambaye kila jioni huamua mwenyewe abebe nini, na abebe vipi. Asiyekuwa tayari kuwajibika kwa kila risasi hadi inapoishia, ni heri akaiacha bastola mikononi mwa waliokabidhiwa kazi hiyo.